Huenda mwalimu wa Mpemba hakukosea

Kisa cha Erasto Mpemba husimuliwa Tanzania kwa mtindo mmoja, na kila anayekisimulia anajua ni wapi wasikilizaji watatabasamu. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kawaida yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu na wanafunzi waliigombania. Siku moja mwenzake akaweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa, naye Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yangali ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake yangali uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa mjini Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu hapo kila akikosea wenzake walimtania kwa jina hilo. Kisha Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, akafika shuleni kutoa mhadhara. Mpemba akasimama, akauliza swali lilelile mbele ya watu. Osborne akaenda kulijaribu maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education. Leo jina la kijana yule limo katika vitabu vya sayansi duniani kote, na walimu waliomkatalia hakuna anayewataja.

Wasimulizi wengi hukomea hapo, kwa sababu hapo ndipo utamu ulipo: mdogo alikuwa sahihi, mkubwa alikosea, na dunia ikashuhudia. Fizikia yenyewe haikukomea hapo. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kueleza kwa nini maji ya moto huganda kabla ya maji baridi, na zaidi ya majibu 22,000 yakamiminika kutoka pande zote za dunia. Miaka minne baadaye, Henry Burridge wa Imperial College London na Paul Linden wa Cambridge wakarudi nyuma hatua moja na kuuliza swali ambalo washindani wale hawakuulizwa: je, jambo lenyewe lipo? Walipasha na kupoza maji mara nyingi kwa uangalifu mkubwa, wakapitia pia takwimu za waliowatangulia, zikiwemo za Mpemba na Osborne, na hitimisho lao lilikuwa kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Waligundua hata kwamba ukihamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo, unaweza kudhani umeiona ajabu ambayo haikutokea. Yaani inawezekana dunia nzima ilishindana kueleza chanzo cha kitu kisichokuwepo.

Nasema inawezekana, kwa sababu wapo wataalamu ambao hawakukubali. Wanasema Burridge na Linden walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, si muda wa kuganda, na hayo ni mambo mawili. Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri na yakabaki maji, yakisubiri kitu cha kuyaanzishia barafu, na namna yanavyosubiri inaweza kutegemea historia yake: yalichemshwa au hayakuchemshwa, yana hewa kiasi gani ndani yake, chombo ni kisafi kiasi gani. Maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, kwa hiyo yanayobaki kugandishwa ni machache. Chombo cha moto huyeyusha theluji iliyo chini yake ndani ya friji, kikagusana vizuri zaidi na ubaridi. Na kuganda maana yake nini hasa: kipande cha kwanza cha barafu kinapoonekana, au tone la mwisho linapokuwa gumu? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, walionyesha kwamba chembe ndogo mno za kioo zilizoelea majini, zikiendeshwa kwa namna fulani, zinaweza kutoka katika hali ya joto zaidi na kufikia hali ya baridi mapema kuliko zilizoanza karibu nayo. Hiyo ni nguvu kwa wazo la Mpemba. Lakini chembe za kioo katika maabara ya Canada si maziwa katika friji ya Lushoto. Ukweli kuhusu aiskrimu ile bado unabishaniwa, na wanaobishana ni watu wenye vipimo bora kuliko wewe na mimi.

Sasa turudi kwa yule mwalimu wa Mkwawa. Kama kosa tunalomhesabia ni kwamba jibu lake lilikuwa si sahihi, basi itatubidi tumwombe radhi siku maabara zitakapoelemea upande wa Burridge, na tumlaumu upya zikielemea upande wa pili. Heshima ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 60 iliyopita itapanda na kushuka kwa kutegemea kipimajoto kimewekwa wapi huko London. Hilo haliniingii akilini. Kosa lake, kwa maoni yangu, lipo palepale hata kama maji ya moto hayajawahi kuyatangulia ya baridi tangu dunia iumbwe. Aliletewa jambo linaloweza kujaribiwa kwa friji na vikombe viwili, akalijibu kwa cheo. Kwa kipimo hichohicho, sifa ya Mpemba haitokani na kuwa sahihi, na itabaki hata ikithibitika kwamba macho yake yalimdanganya. Tumezoea kuwagawa watu katika makundi mawili, waliopatia na waliokosea, na tunagawa heshima kwa mgawanyo huo. Kupatia kuna sehemu kubwa ya bahati. Wapo waliopatia kwa kubahatisha na wapo waliokosea baada ya kutafuta kwa uaminifu. Tunachoweza kumhukumu mtu kwacho ni alichokifanya na swali lilipomfikia mkononi.

Tusimwone mwalimu yule kama kiumbe wa ajabu. Kiu ya kuwa sahihi ni ya kila mtu, na mara nyingi hutenda kazi bila mwenyewe kujua. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason wa London aliwapa watu namba tatu, 2, 4 na 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani ambayo wanapaswa kuigundua kwa kumtajia namba nyingine tatu tatu; yeye angejibu tu kama zinafuata kanuni au hazifuati. Wengi walidhani haraka kwamba ni namba zinazoongezeka kwa mbili, wakataja 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, na kila walipoambiwa ndiyo wakazidi kujiamini. Kanuni ilikuwa nyepesi kuliko hiyo: namba yoyote mradi kila inayofuata ni kubwa kuliko iliyotangulia. Ilitosha mtu kutaja 1, 2, 17 ili dhana yake ivunjike na ukweli umjie. Wachache walifanya hivyo mapema. Wengine hawakuwa wajinga wala wakaidi. Walikuwa wanatafuta tu mahali pa kuambiwa ndiyo, wala haikuwajia kwamba hapana ingewafundisha zaidi.

Ndani ya makala ya mwaka 1969 kuna mfano wa tabia hiyohiyo ambao ningependa ujulikane kuliko kisa chenyewe. Osborne alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo kweli yaliyotangulia kuganda, halafu akamwahidi bosi wake kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate matokeo yaliyo sahihi. Osborne aliyaandika maneno hayo kwa mzaha wa upole, na msomaji hucheka. Lakini fikiria ni mara ngapi ahadi ya namna hiyo hutekelezwa bila mtu wa kuiandika. Mkaguzi hurudia hesabu zisizompendeza na kuzipitisha mara moja zinazompendeza. Daktari huagiza kipimo cha pili pale cha kwanza kinapopinga dhana yake, lakini kinachoiunga mkono hukiamini papo hapo. Hakuna aliyedanganya. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ngozi ya ngoma hii ni ushahidi.

Mpemba mwenyewe alijilinda na mtego huo kwa namna ambayo wasimulizi wake hawaitaji. Kabla Osborne hajafika Iringa, kijana alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja cha maji ya moto na kingine cha maji ya bomba, akaviweka kwenye friji. Baada ya saa moja akakuta vyote viwili havijaganda kabisa, ila chenye maji yaliyokuwa ya moto kilikuwa na barafu zaidi. Mtu mwenye kiu ya kulipiza kejeli angekimbilia darasani akipiga vigelegele. Yeye aliandika kwamba matokeo hayo hayakutosha, na kwamba alipanga kujaribu tena atakapopata nafasi. Sijui kama kuna sentensi ya kifizikia iliyoandikwa na mwanafunzi wa Afrika Mashariki inayostahili kubandikwa ukutani kuliko hiyo. Na kulikuwa na kundi jingine la mashahidi, nalo limesahaulika zaidi: wauza aiskrimu wa mjini Tanga. Mpemba aliambiwa na rafiki yake aliyekuwa katika biashara hiyo kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Watu hao hawakuwa na haja ya kuwa sahihi mbele ya yeyote. Walihitaji aiskrimu iwe tayari kabla jua halijawa kali.

Hapa lazima nitugeukie sisi. Habari ya utafiti wa mwaka 2016 inapotajwa mbele ya Watanzania, mara nyingi inapokelewa kama tusi. Huonekana kama Wazungu wamekuja kumnyang'anya kijana wetu haki yake. Nauelewa uchungu huo. Kijana aliyechekwa, kutoka nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka michache tu, ni rahisi kumfanya bendera. Lakini angalia tunachokifanya: tunakataa kipimo kwa sababu hatupendi jibu lake. Ndicho alichofanya mwalimu wa Mkwawa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anamlinda Newton na kanuni yake ya kupoa, na sisi tunamlinda Mpemba. Tena tunamlinda pasipo sababu, kwani Aristotle aliandika juu ya jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Francis Bacon na Descartes wakaligusa, na mwaka uleule wa 1969 George Kell wa Canada alichapisha makala yake kulihusu. Hakuna aliyewahi kuwaonea huruma hao kwa sababu jambo limebishaniwa. Wametendewa kama wanasayansi, yaani watu ambao madai yao huruhusiwa kuanguka. Kumnyima Mpemba ruhusa hiyo ni kumrudisha kwenye benchi la mwanafunzi anayehitaji kufutwa machozi.

Mwalimu aliyeko darasani leo ana hoja ya kunijibu, na ni hoja nzito. Ana wanafunzi 80 au zaidi katika chumba kimoja, muhtasari ambao lazima umalizike kabla ya mtihani, na friji haipo. Akisimama kupima kila kitu ambacho kila mtoto anadai amekiona, hatafika mada ya pili. Na kwa kawaida kitabu kiko sahihi, mtoto ndiye aliyeona vibaya. Katika madai mia ya aina hiyo, kumwamini Newton kutampatia jibu sahihi karibu mara zote. Yote hayo nayakubali. Hakuna anayeweza kuishi bila kuamini vitu vingi kwa kuambiwa, na mamlaka ya kitabu ni njia ya kuokoa muda. Ninachodai ni kidogo sana. Mwalimu wa Mpemba hakuhitaji kujaribu lolote wala kukubali lolote. Ilitosha kusema kwamba anavyojua yeye haiwezekani, lakini friji ipo, kajaribuni wawili mniletee. Sentensi hiyo inachukua muda uleule wa kejeli. Kilichomzuia si uhaba wa muda, ni hofu kwamba mtoto angerudi na jibu.

Hoja ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. Ukiwaambia watu kwamba ukweli hauna uhakika na kwamba wakubwa wanaweza kukosea, nani atawazuia kuamini chochote? Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walifunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kama Babu. Bei ilikuwa shilingi 500, na ilisemwa kikombe kimoja kinaponya kisukari, saratani na hata UKIMWI. Foleni ya magari ilikuwa ndefu ajabu, wagonjwa wengine wakafia njiani, na vigogo wa serikali nao walipiga picha wakinywa. Madaktari waliouliza maswali waliambiwa kwamba sayansi haijui kila kitu, na mfano wa wakubwa waliowahi kukosea haukukosekana. Je, hoja yangu haiwapi silaha watu wa namna hiyo?

Inawapa, kama nikisema tu kwamba hakuna uhakika na nikaishia hapo. Lakini tazama tofauti ya Magamba na Samunge. Dai la Mpemba lilikuja likiwa limebeba njia ya kuliangusha: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo mmoja, kimoja nyuzi 35 na kingine 100, tazama kipi kinatangulia. Mtu yeyote angeweza kulikanusha jioni ileile. Kule Samunge, aliyekunywa akapona alihesabiwa kuwa ushahidi wa dawa, na ambaye hakupona aliambiwa imani yake ilikuwa haba au asubiri. Dai lililopangwa hivyo haliwezi kushindwa, na ndiyo sababu lilivutia: lilitoa kile ambacho hospitali haiwezi kutoa, yaani uhakika. Wagonjwa waliripotiwa kuacha dawa za kufubaza virusi kwa kuamini wamepona. Walichohitaji hakikuwa imani zaidi kwa madaktari kama watu wasiokosea. Walihitaji kurudi kliniki kupima wingi wa virusi na kukubali kitakachosomwa. Kwa hiyo sioni kwamba shaka ndiyo iliyojaza barabara ya Loliondo. Iliyoijaza ni kiu ileile ya kuwa na hakika, na safari hii ilivaa joho.

Wapo pia watakaosema kwamba mwenye kuamua hawezi kumudu shaka. Hakimu lazima atoe hukumu, nahodha lazima ageuze usukani. Kweli, ila kuamua ni kazi moja na kujitangaza kuwa hukosei ni kazi nyingine, na taasisi nzuri hujengwa kwa kuzitenganisha. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Uamuzi ulikuwa kamili, na uchaguzi ukarudiwa Oktoba. Hata hivyo majaji wawili wasiokubali, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u, waliandika hoja zao, zikaingia katika kumbukumbu rasmi pamoja na za walioshinda. Rais Uhuru Kenyatta alisema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu, ingawa maneno makali dhidi ya majaji yalifuata upesi. Ninachotaka kionekane ni kwamba mahakama ile haikusubiri uhakika ndipo iamue, wala haikuwafunga midomo majaji wawili waliopinga ili uamuzi uonekane hauna ufa. Mwanasheria wa mwaka 2060 akiona kwamba wale wawili ndio waliokuwa na hoja bora, karatasi zao atazikuta.

Shuleni bado hatujafika huko. Kila aliyesoma sayansi katika nchi hizi anajua maana ya kupika data. Mwanafunzi anafunga jiwe kwenye uzi, anahesabu linavyobembea, anakokotoa mvutano wa dunia na kupata 9.2. Anajua jibu linalotarajiwa ni 9.8, basi anarudi kwenye jedwali lake na kurekebisha sekunde mbili tatu hadi hesabu zinyooke. Ahadi ya fundi wa Osborne imegeuzwa mbinu ya kufaulu. Wasahihishaji wangeweza kuibadilisha hali hii bila kujenga maabara hata moja: anayeandika 9.2 aliyoipata kweli, akaeleza kwamba uzi ulikuwa mfupi au saa ilicheleweshwa kubonyezwa, apewe alama zaidi ya mwenye 9.8 iliyonyooka kupita kiasi. Walimu watasema wazazi watalalamika kwamba mtoto amepewa maksi kwa jibu lisilo sahihi. Watalalamika, na itabidi waelezwe.